Picha za vita zirudishiwe majina ya watu wetu

Kuna desturi iliyoenea miongoni mwetu siku hizi, ambayo kwa asili yake si mbaya hata kidogo. Picha za kale za vita, ambazo zamani zilifungiwa katika makabati ya ng'ambo na katika vitabu vyenye bei ya kumshinda mwananchi wa kawaida, sasa zinapita kutoka simu hadi simu na kujadiliwa na kila mtu. Hapa Olkaria, ambapo mitambo ya mvuke imewakutanisha wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya, si ajabu kuwakuta vijana wakati wa chakula cha mchana wameinamia picha ya askari wa keya waliokwenda Burma, au ya wanaume walioketi chini, mikono kichwani, wamezungukwa na seng'enge na mitutu ya bunduki.

Kisha mabishano huanza. Huyu husema wale ni mashujaa, yule husema ni magaidi, wa tatu hudai kwamba babu yake ndiye wa pili kutoka kushoto, na wa nne huuliza kabila la mwenye bunduki. Muda si muda picha imekwisha kupelekwa kwa watu mia moja, ikiwa na maelezo ambayo hakuna hata mmoja wao awezaye kuyathibitisha.

Hoja yangu si kwamba vijana hawa waache kutazama. Hoja yangu ni kwamba picha ya vita ni shahidi, lakini ni shahidi bubu, na mara nyingi ni shahidi aliyeletwa na upande mmoja tu wa kesi. Kuisambaza bila kuihoji, bila kuuliza ni nani waliomo na ni nani aliyeshika kamera, ni kuendeleza kazi ya wale waliotupiga picha tukiwa watu wasio na majina.

Msomaji asidhani kwamba vita ni habari za mbali na bonde hili letu. Anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani hulipita kanisa dogo, karibu na Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano. Gilgil yako makaburi ya wanajeshi yanayotunzwa hadi leo. Ziwa Naivasha, ambalo leo twalijua kwa samaki na mashamba ya maua, lilikuwa kituo cha ndege zinazotua majini katika miaka ya 1940. Na visima vya kwanza vya majaribio hapa Olkaria vilianza kuchimbwa mwaka 1956, wakati Hali ya Hatari ilipokuwa bado haijaondolewa. Ardhi tunayoikanyaga ina kumbukumbu nyingi kuliko vitabu vyetu vya shule.

Tuanze na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Watu wanaokaribia 100,000 kutoka Kenya waliandikishwa jeshini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ilipigana katika bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika ya 1944, katika matope na malaria, na ilipofika Desemba ya mwaka huo ikavuka mto Chindwin. Wapiga picha wa jeshi la Uingereza walikuwapo, na kazi yao nyingi imehifadhiwa London katika jumba la Imperial War Museum, lililoanzishwa mwaka 1917.

Zitazame picha za namna hiyo kwa makini. Mara nyingi afisa Mzungu hutajwa kwa cheo chake, jina lake, na wakati mwingine hata mji alikotoka. Askari Mwafrika aliyesimama kando yake, amebeba mzigo au bunduki, uso wake ukionekana wazi kuliko wa afisa mwenyewe, huitwa askari wa Afrika Mashariki, basi. Hana baba, hana kijiji, hana jina. Mtu akiisambaza picha hiyo leo na kuandika chini yake "keya wakiwa Burma", huwa ameirudia dharau ileile, ingawa huenda nia yake ilikuwa kuwasifu.

Wala dharau hiyo haikuwa ya kamera peke yake. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watu kati ya 45,000 na 54,000 kutoka makoloni hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao. Zaidi ya hao, wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hili la pili walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Hawa ndio wapagazi na askari ambao wazee wetu waliwaita Kariakoo, waliobeba vita vya Wazungu vichwani mwao hadi wakaanguka njiani. Ikiwa jiwe la kaburi lilinyimwa jina, picha ingelipata wapi?

Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Bahari haina kaburi. Kwa familia ya mmoja wa wale, picha ya kundi la wapiga mizinga iliyopigwa kabla ya safari si burudani ya wakati wa chakula. Huenda ndilo kaburi pekee walilo nalo, na sisi tunalikanyaga kwa mzaha bila kujua.

Sasa tuje nyumbani zaidi. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 20, 1952, na kwa wazee wengi wa Bonde la Ufa kamera ikageuka silaha. Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi walitakiwa kupigwa picha kwa ajili ya vitambulisho vipya. Wengi walikataa. Maelfu kwa maelfu, waliokataa na walioshukiwa tu, walifukuzwa na kurudishwa katika maeneo ya Wakikuyu yaliyokuwa yamekwisha kujaa watu, wakiacha mazao shambani na mifugo zizini. Watu hao hawakuiogopa picha kwa ujinga, kama walowezi walivyopenda kusema. Walijua vyema kwamba mtu akishachukuliwa sura yake na mwenye mamlaka, anaweza kutafutwa, kutajwa na kushtakiwa pasipo kuulizwa neno.

Pamoja na kamera alikuja gakunia. Huyu ni mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu, akasimamishwa mbele ya safu ya washukiwa. Alipotikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini, naye hakupata kumjua aliyemshtaki. Namwomba msomaji amkumbuke gakunia, maana nitamrudia.

Usiku wa Machi 26, 1953 yalitokea mambo mawili ambayo yanatufundisha namna ya kuitazama picha ya vita. Mjini Naivasha, wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi, wakateka silaha na kuwafungulia mahabusu zaidi ya 100. Usiku huohuo huko Lari, juu ya ukingo wa bonde, nyumba za chifu wa zamani na za Homgadi zilichomwa moto, na zaidi ya watu 70 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Serikali ya kikoloni iliwapeleka waandishi wa habari kuona, na picha za maiti na majivu zikatawanywa duniani kuwa ushahidi wa ukatili wa Mau Mau.

Ushahidi huo haukuwa wa uongo. Watu wale waliuawa kweli, na kifo chao kilikuwa cha kutisha. Anayewakana leo kwa kisingizio cha uzalendo anawaua mara ya pili. Lakini haukuwa ushahidi wote. Baada ya shambulio lile, Homgadi, polisi na wanajeshi walilipiza kisasi katika eneo hilohilo, na wanahistoria, akiwemo David Anderson katika kitabu chake cha mwaka 2005, wameonyesha kwamba waliouawa katika kisasi hicho huenda waliwazidi wale wa kwanza. Hao hawakuletewa waandishi wa habari. Kwa hiyo anayeisambaza picha ya Lari akidhani ameuonyesha ukweli wa usiku ule, ameonyesha nusu ambayo serikali ilitaka ionekane. Swali kubwa kuhusu picha yoyote ya vita ni hili: je, ni nini kilichotokea mahali ambapo mpiga picha hakualikwa?

Mfano mwingine unajulikana na kila Mkenya. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956 akiwa amejeruhiwa, na picha yake mashuhuri ni ile aliyolala, mikono imetiwa pingu, amevaa ngozi. Ilipigwa ili kuwaambia watu kwamba vita vimekwisha. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, na kaburi lake likafichwa. Nusu karne baadaye, Februari 18, 2007, sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi akiwa amesimama wima, bunduki mkononi. Taifa lilikuwa linaijibu ile picha. Hata hivyo wapo wanaoisambaza ile ya pingu bila neno lolote, na mtoto anayeiona kwa mara ya kwanza huuliza huyu ni mhalifu gani. Picha ni ileile, karatasi ni ileile, lakini bila maelezo inaendelea kuzungumza kwa sauti ya aliyeipiga.

Suala hili si la Wakikuyu peke yao. Jina Olkaria lenyewe ni neno la Kimaasai, maana yake ni ule udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Wamaasai waliondolewa katika ardhi yao ya bonde hili kwa mikataba ya 1904 na 1911, na katika miaka hiyohiyo Wazungu walikuwa wakiwapiga picha morani wao na kuziuza kama kadi za posta, mikuki mikononi, bila majina. Aliyekuwa akipokonywa malisho yake alionyeshwa kwa ulimwengu kama mtu mkali wa kuogopwa. Leo picha hizo husambazwa na wajukuu wa jirani zake kwa utani. Rangi nyekundu ya Olkaria haionekani katika picha ya rangi nyeusi na nyeupe, wala mkataba hauonekani.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wasomi, na kwamba picha haiui mtu. Namkumbusha yaliyotokea hapa Naivasha mwezi Januari 2008, wakati watu 19 walipoteketezwa ndani ya nyumba moja. Chuki ya siku zile haikuanza siku zile. Ilikuwa imelishwa kwa miaka mingi na masimulizi ya nani alimfanyia nani nini, nani alisimama upande wa nani, na nani alipewa shamba la nani. Picha ya kale ikiwekewa maelezo ya uchochezi ni kuni kavu juu ya makaa yaleyale. Nimeona picha ya askari wa Mjerumani wa Tanganyika, mwenye alama ya tai kwenye kofia yake, ikiitwa picha ya keya wa Kenya. Hilo ni kosa la kuchekesha. Lakini picha ya Homgadi ikitajiwa jina la ukoo ulio hai, katika mji ambamo wajukuu wa Homgadi na wajukuu wa waliozuiliwa kambini wanafanya kazi zamu moja, si jambo la kucheka tena.

Na hapa ndipo ninapomrudia gakunia. Mtu anayesambaza picha ya vita akimshtaki babu wa mwenzake, pasipo kutaja jina lake mwenyewe wala mahali alikoipata picha, ndiye gakunia wa leo. Amevaa gunia, ametikisa kichwa, na mwingine ataadhibiwa. Babu zetu waliteswa na kitu hicho. Itakuwa aibu kubwa sisi tukikifanya kuwa mchezo.

Wapo wanaosema dawa yake ni kuzifungia picha hizo zote: yaliyopita si ndwele, na kovu likikunwa hutoa damu. Nawaheshimu wasemao hivyo, kwani baadhi yao walipoteza wapendwa wao. Lakini kimya nacho tumekwisha kukijaribu. Uingereza ilizificha faili zipatazo 1,500 za Kenya hadi mwaka 2011, na kimya hicho hakikumponya mzee yeyote. Ni baada ya kesi mahakamani ndipo serikali hiyo, mnamo Juni 6, 2013, ilipoeleza masikitiko yake kwamba Wakenya waliteswa na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Kilichofichwa hakikuoza, kilikuwa kikiwangoja.

Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba kila picha ionyeshwe kwa kila mtu, maiti na zote, kwa kuwa ukweli hauna aibu. Hao nao wamekosea. Maiti ya mtu aliyekatwakatwa mwaka 1953 ni mama wa mtu aliye hai. Macho hayana pazia, lakini mkono wenye simu una uwezo wa kujizuia.

Sisi wa Olkaria tunaijua vizuri njia ya kati, maana ndiyo inayotulisha. Mvuke ukiachwa utoke ovyo huunguza, na kisima kikizibwa bila mpango ni hatari. Lakini ukichimbwa kwa ustadi na kupitishwa katika mabomba, huwasha taa za nchi nzima. Baada ya ghasia za 2008, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake waliandaa maonyesho ya Picha Mtaani, yaliyoanza mwaka 2009 na kuzunguka miji kadhaa ya Kenya. Picha za ghasia ziliwekwa hadharani barabarani, watu wakasimama mbele yake wakiwa pamoja, wakatazama, wakazungumza. Tofauti ni kwamba aliyezipiga alijulikana, mahali na tarehe vilijulikana, na mtazamaji alilazimika kusimama bega kwa bega na jirani yake badala ya kujifungia chumbani na hasira zake. Hivyo ndivyo picha ya vita inavyopaswa kutazamwa.

Basi tufanye nini? La kwanza liko mikononi mwa kila mtu. Kabla ya kuisambaza picha, tujiulize maswali manne: ni nani waliomo, ni wapi, ni lini, na ni nani aliyeipiga kwa ajili ya nani. Tusipopata jibu, tuandike wazi kwamba hatujui. Neno hilo si aibu. Ni mlango ulioachwa wazi ili ajuaye aingie. Tujifunze pia kuisoma picha yenyewe. Kichwa cha kifaru kwenye nguo ya askari ni alama ya Divisheni ya 11, na divisheni hiyo haikuwapo kabla ya 1943. Hilo peke yake linatosha kumaliza mabishano ya nusu saa.

La pili haliwezi kungoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoivuka Chindwin amekwisha kupita umri wa miaka 100, kama angali hai. Aliyekuwa na miaka 20 alipokataa kupigwa picha na mlowezi mwaka 1953 amepita miaka 90. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee hao wanatutoka kila mwezi, na kila mmoja huondoka na majina ya watu wote waliosimama naye safuni. Vijana walio hodari wa kutafuta picha wazipeleke kwa wazee hao kwanza, kabla ya kuzipeleka kwa umati. Waketi chini, waulize kwa adabu, waandike kila jina. Wakiambiwa, "Huyo siwezi kumtaja," waheshimu, kwa sababu mzee ana haki ya kunyamaza.

La tatu ni la wenye mamlaka. Kaunti ya Nakuru ina shule, maktaba na vyumba vya mikutano vinavyolala tupu mwisho wa juma. Ishirikiane na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kuwaalika wananchi walete picha zilizo katika masanduku ya bati chini ya vitanda, zinakiliwe bure, ziandikwe maelezo mbele ya mwenyewe, kisha zirudishwe kwake siku hiyohiyo. Na zile zilizo London, serikali yetu izidai nakala zake, pamoja na daftari zenye maelezo ya wapiga picha. Mjukuu wa askari asitakiwe kuomba kibali ili kuuona uso wa babu yake katika kitabu cha shule.

Wakoloni walikuwa na kamera, sisi tulikuwa na majina. Kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vilitengana, picha zikaenda ng'ambo na majina yakabaki vinywani mwa wazee. Leo kwa mara ya kwanza picha zimerudi mikononi mwetu, na wenye majina wachache wangali hai. Kijana aliye Olkaria na simu yake anaweza kuviunganisha kwa siku moja, akitaka. Asipotaka, mwaka ujao picha itakuwapo, bali wa kumwambia wa pili kutoka kushoto ni nani hatakuwapo.